Anayepima Mvua Kando ya Ziwa Asiachwe Peke Yake

Katika mikoa, kaunti na wilaya zinazolizunguka Ziwa Victoria wapo watu wasiopitisha siku bila kutazama juu. Wengine ni walimu wa jiografia, wengine wakulima wa kahawa au chai, wengine manahodha waliostaafu, na wengine ni vijana ambao simu zao zimejaa picha za mawingu. Huandika mvua imenyesha kiasi gani, radi ya kwanza imesikika saa ngapi na kutoka upande upi, na hewa ilikuwa nzito kiasi gani kabla upepo haujageuka. Hakuna anayewalipa, na si ajabu jirani akawaona kama watu waliokosa shughuli. Hoja ya makala haya ni kwamba kumbukumbu zao ni sehemu ya huduma ya hali ya hewa ambayo nchi zetu bado zinaihitaji sana, na kwamba mamlaka za Tanzania, Kenya na Uganda zinapaswa kuwasajili, kuwapa vifaa na mafunzo, na kuzitumia takwimu zao katika kutoa tahadhari. Sisemi hivyo kwa kuwahurumia. Nasema hivyo kwa sababu ya namna dhoruba za ukanda huu zinavyozaliwa, na kwa sababu ya idadi ya watu wanaokufa zinapowakuta bila habari.

Tuanze na ziwa lenyewe. Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na pande zake za mashariki na magharibi zimepakana na nyanda za juu. Mchana jua linapopiga, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa iliyo juu ya ardhi hupanda, na upepo wenye unyevu huvuma kutoka ziwani kwenda bara. Ukifika kwenye miinuko ya Kisii, Nandi na Kericho hulazimika kupanda zaidi, mawingu hujijenga, na alasiri ngurumo huanza, mara nyingi zikiandamana na mvua ya mawe inayochana majani ya chai. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa lakini maji hubaki na joto lake la nyuzi 24 au 25, na pepo baridi huteremka kutoka miinuko ya pande zote mbili kuelekea ziwani. Zinapokutana juu ya maji hayo ya uvuguvugu huisukuma juu hewa iliyojaa unyevu, na dhoruba huibuka kati ya usiku wa manane na asubuhi. Kwa kuwa pepo za mashariki huyasukuma mawingu hayo kwenda magharibi, Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Musoma, iliyo ng'ambo ya pili ya ziwa hilohilo, haifikishi nusu ya kiasi hicho.

Saa za dhoruba ndizo saa za kazi kwa mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku, hasa siku za giza la mwezi, kwa kuwasha taa juu ya maji ili samaki wavutwe na mwanga. Maelfu ya mitumbwi ya mbao hutoka kwenye mialo jua likizama, wakati ambapo anga juu ya ziwa inaweza kuwa shwari kabisa, na dhoruba huwakuta wakiwa mbali na nchi kavu, na taa zao ndizo mwanga pekee. Makadirio ya watu wanaokufa maji katika ziwa hili hutofautiana sana: yako yanayotaja takriban 1,000 kwa mwaka na yako yanayotaja kati ya 3,000 na 5,000. Tofauti hiyo yenyewe ni hoja, maana inaonyesha kwamba hata vifo hatuvihesabu sawasawa. Lakini ukishika makadirio ya chini kabisa, bado ni msiba ambao ungetokea barabarani au angani kila mwaka, tume zingekuwa zimekwisha kuundwa. Tena hali haielekei kuwa nafuu. Utafiti ulioongozwa na Wim Thiery na kuchapishwa mwaka 2016 katika jarida la Nature Communications ulionyesha kwamba dunia ikiendelea kupata joto, mvua kali zaidi juu ya ziwa zitaongezeka kwa kasi iliyo karibu mara mbili ya ile ya nchi kavu inayolizunguka.

Timu hiyohiyo ya watafiti iligundua jambo ambalo ndilo mhimili wa hoja yangu. Dhoruba za usiku juu ya ziwa haziji bila dalili: ukali wake unahusiana na dhoruba zilizotokea mchana wa siku hiyo juu ya nchi kavu inayolizunguka. Mchana wenye ngurumo nyingi na kali bara mara nyingi hufuatiwa na usiku wa hatari majini. Walitumia picha za setilaiti kuonyesha kwamba uhusiano huo unaweza kutumika kutoa tahadhari saa kadhaa kabla. Sasa jiulize ni nani anayezijua ngurumo za mchana kwa karibu kuliko wote. Ni yule mwalimu wa Kisii aliyeandika kwamba radi ya kwanza imepiga saa nane na nusu, ni yule mkulima wa Tarime aliyepima milimita 40 ndani ya saa moja, ni yule msichana wa Masaka aliyeona wingu linatanda juu kama kichwa cha uyoga. Kila mmoja peke yake ana kipande kidogo tu. Vipande hivyo vikikusanywa kabla ya saa kumi na moja jioni, mvuvi aliyeko Ukerewe, Mfangano au Kalangala anaweza kupata habari yenye maana kabla hajausukuma mtumbwi wake majini.

Pamoja na ngurumo, wafuatiliaji hawa hupima unyevu wa hewa, na hapa uzoefu wao unazidi ule wa msomaji wa kawaida wa taarifa ya hali ya hewa. Wengi wetu tukisikia unyevu ni asilimia 95 alfajiri tunadhani hewa imeshiba maji kuliko wakati wowote. Anayepima kila siku anajua kwamba asilimia hiyo inategemea joto. Hewa ya nyuzi joto 20 inaweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke katika mita moja ya ujazo, na ya nyuzi 30 inabeba takriban gramu 30. Kwa hiyo alfajiri ya nyuzi 18 yenye unyevu wa asilimia 95 ina mvuke mchache kuliko adhuhuri ya nyuzi 32 yenye asilimia 60. Kinachofaa kufuatiliwa ni kiwango cha umande, yaani nyuzi joto ambazo hewa ikipoa hadi kuzifikia mvuke wake huanza kugeuka maji. Kifaa chake ni vipimajoto viwili vilivyotundikwa kivulini penye kupitisha hewa, kimoja kikiwa kikavu na kingine kimefungwa kitambaa cha pamba kilicholowa. Maji ya kitambaa yanapokauka hupoza kipimajoto cha pili, na tofauti ya viwili hivyo, ikisomwa kwenye jedwali, hutoa unyevu na kiwango cha umande. Tofauti ikiwa ndogo huku joto likiwa kubwa, hewa imebeba mvuke mwingi. Mvuke huo ukigeuka matone ndani ya wingu huachia joto lake, na joto hilo ndilo linalolisukuma wingu kupanda hadi kuwa dhoruba.

Sababu ya pili ya kuwahitaji watu hawa ni umbo la dhoruba yenyewe. Mvua za masika zinazoletwa na mifumo mikubwa zinaweza kunyesha mkoa mzima, lakini dhoruba ya radi ni kitu kidogo chenye hasira. Upana wake unaweza kuwa kilomita chache, maisha yake saa moja au mbili, na kijiji kimoja kinaweza kugharikishwa huku cha jirani kikianika mahindi. Kituo rasmi kilicho kwenye uwanja wa ndege, umbali wa kilomita 50, kinaweza kuandika sifuri siku hiyo, na kikiandika hivyo kitakuwa kimesema kweli. Mji wa Fort Collins katika jimbo la Colorado, Marekani, uliona jambo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 28 Julai 1997 mafuriko yaliua watu watano mjini humo. Ilibainika baadaye kwamba upande wa magharibi ulipata zaidi ya milimita 350 za mvua ndani ya siku moja na ushee, ilhali sehemu za mashariki za mji huohuo zilipata sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Mwaka 1998 wanasayansi wa chuo kikuu cha jimbo hilo walianzisha mtandao wa wananchi wapima mvua unaoitwa CoCoRaHS. Leo una zaidi ya wapimaji 20,000 Marekani, Kanada na Bahamas, na takwimu zao hutumiwa na watabiri wa serikali, watafiti wa ukame na wahandisi wa madaraja.

Jambo hili si la karne hii wala si la matajiri wa teknolojia pekee. Mwaka 1860 George James Symons alianza kukusanya vipimo vya mvua Uingereza akiwa na vituo 168 vya watu wa kujitolea, na alipofariki mwaka 1900 mtandao wake ulikuwa umepita vituo 3,000. Hapakuwa na setilaiti, rada wala simu. Palikuwa na chombo, daftari, posta, na mtu wa kuzipokea barua na kuzihakiki. Marekani nayo tangu mwaka 1890 ina mpango rasmi wa wapimaji wa kujitolea, na sehemu kubwa ya kumbukumbu za tabianchi za nchi hiyo imejengwa juu ya daftari zao. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mvua ni mali, na milimita moja tu juu ya hekta moja ni lita 10,000 za maji. Sisi tunaoishi kwa kilimo na uvuvi tumekuwa tukiiacha mali hiyo ipite bila kuandikwa, kisha mwaka wa ukame au wa gharika tunagombana kuhusu hali ilivyokuwa zamani.

Pingamizi la kwanza, nalo ni la haki, linasema raia hajasomea kazi hii na vipimo vyake vitakuwa na makosa. Ni kweli vitakuwa nayo. Chombo kikiwekwa chini ya mwembe kitapokea matone ya majani badala ya mvua, kikiwekwa karibu na ukuta kitakingwa na upepo, na mkebe wowote uliookotwa hauwezi kulinganishwa na kipimo cha kituo. Lakini makosa haya yanajulikana na yana dawa. Dawa ya kwanza ni chombo cha aina moja kwa wote, kilichowekwa mahali pa wazi. Ya pili ni utaratibu mmoja. Katika ukanda wetu vituo husoma mvua saa tatu asubuhi. Mpimaji huinama hadi jicho lake liwe sawa na maji, kwa sababu maji ndani ya mrija hujipinda kidogo kandokando, na namba ya kweli ni ile ya chini ya mpindo huo. Huandika namba, hurudia kusoma, kisha humwaga maji na kukirudisha chombo mahali pake. Ya tatu ni kuhakiki: mpimaji akileta milimita 80 huku majirani zake watano wameleta 8, mtu wa ofisini anampigia simu na kumuuliza kama nukta imeruka. Mtu anaweza kujifunza haya yote kwa siku moja. Ugumu uko katika kuyafanya kila siku.

Na katika hilo la kila siku kuna jambo dogo linalomtofautisha mpimaji wa kweli na mtu anayevutiwa na radi tu. Mpimaji wa kweli huandika sifuri. Siku isiyo na mvua huonekana kama siku isiyo na habari, na kishawishi cha kuiacha wazi ni kikubwa. Lakini nafasi tupu kwenye daftari inaweza kumaanisha hapakunyesha, au mpimaji alisafiri, au alisahau, na anayezisoma takwimu hizo baada ya miaka 10 hana namna ya kujua. Sifuri iliyoandikwa ni ushahidi kwamba mtu alikwenda, akatazama, akakuta pakavu. Ndiyo inayoonyesha masika yalichelewa kwa siku ngapi, na ndiyo inayoonyesha dhoruba iliishia wapi. Ukitaka kujua kama wananchi wanaweza kuaminiwa na sayansi, usitazame picha zao za umeme wa radi. Tazama sifuri zao.

Pingamizi la pili linasema zama za daftari zimepita. Tuna setilaiti, Tanzania imejenga rada Mwanza, na vituo vinavyojiendesha vinatuma takwimu bila mkono wa mtu. Hakuna ninachokipinga katika hayo, na uwekezaji huo unapaswa kuongezeka. Lakini kila chombo kina upofu wake. Setilaiti huona kilele cha wingu na kukisia kinachoanguka chini. Boriti ya rada hunyooka huku dunia ikijipinda, hivyo ikifika umbali wa kilomita 100 huwa imeshapita zaidi ya kilomita moja juu ya ardhi, na yanayotokea chini ya hapo haiyaoni. Vituo vinavyojiendesha huzibwa na majani, vinyesi vya ndege na wadudu, na vikiziba huendelea kutuma sifuri za uongo. Mradi wa TAHMO, uliokusudia kuweka vituo 20,000 vya aina hiyo barani Afrika, uliona mapema kwamba mahali pazuri pa kuviweka ni shuleni, ambako walimu na wanafunzi wanavilinda na kuzitumia takwimu zake darasani. Maana yake ni kwamba teknolojia haijamfukuza mtu. Imempa kazi mpya ya kuilinda, kuisahihisha na kuijazia pale isipofika.

Pingamizi la tatu ndilo linalotolewa zaidi maofisini: kuwaruhusu raia kusema habari za hali ya hewa ni kufungua mlango wa taharuki. Mtu mmoja akisambaza kwenye simu kwamba kimbunga kinakuja, soko linafungwa na watu wanakimbia. Tanzania ina Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ya mwaka 2019, iliyoipa mamlaka hiyo (TMA) kazi ya kuratibu na kudhibiti huduma za hali ya hewa nchini, na sababu ya kuwa na sauti moja wakati wa hatari inaeleweka. Hoja yangu haivunji msingi huo. Kupima ni jambo moja, kutabiri ni jambo jingine. Anayesema kwamba leo saa tisa alasiri pameanguka milimita 35 hapa Sengerema ametoa ushahidi wa jambo lililokwisha kutokea. Anayesema kesho ziwa litachafuka ametoa utabiri, na huyo ndiye anayepaswa kuwa na dhamana ya kisheria. Utaratibu ukiwekwa vizuri, mpimaji hupeleka kipimo chake kwa mamlaka, na mamlaka ndiyo inayotoa tahadhari. Tena dawa ya uvumi ni watu wengi wanaojua kupima. Kijiji chenye wapimaji watatu waliosajiliwa si rahisi kudanganywa na ujumbe wa simu usio na mwenyewe, kwa sababu wapo wa kuulizwa, na wanajulikana kwa majina na nyumba zao.

Lipo pia pingamizi kutoka upande mwingine kabisa, la wale wanaoona kwamba watu wetu wana elimu ya asili ya kutosha na hawahitaji vyombo. Wavuvi wazee husoma rangi ya mawingu na mgeuko wa upepo, wakulima hutazama miti inayochanua. Elimu hiyo ni ya thamani, na wanaoibeza hawajakaa nayo. Lakini ilijengwa juu ya mpangilio wa misimu ambao sasa unayumba, na isipoandikwa hufa na mwenye nayo. Kwa jamii ya Nganyi wa Bunyore, katika kaunti ya Vihiga magharibi mwa Kenya, wanaosifika kwa vizazi kwa kusoma dalili za mvua, wataalamu wa hali ya hewa wamekaa na wazee, wakalinganisha utabiri wa pande mbili na kutoa kauli ya pamoja ya msimu. Huo ni mfano wa kufuatwa. Mzee akisema upepo fulani huleta dhoruba, na mjukuu wake akauandika upepo huo na saa ya dhoruba kwa miaka mitano, elimu ya mzee itakuwa imethibitishwa au imerekebishwa, na kwa vyovyote itakuwa imeokolewa.

Faida ya mtandao huo haiishii majini. Ukanda wa maziwa makuu ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani. Orodha iliyochapishwa mwaka 2016 kutokana na vipimo vya setilaiti iliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela katika nafasi ya kwanza, na ya pili ikawa Kabare, mashariki mwa Kongo karibu na Ziwa Kivu, yenye miale ipatayo 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Wanaolipa gharama kubwa ni wanafunzi. Mwezi Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule ya Runyanya wilayani Kiryandongo, Uganda. Mwezi Januari 2025 wanafunzi 7 wa shule ya sekondari Businda, wilayani Bukombe mkoani Geita, walikufa kwa radi. Kikundi cha wanafunzi wanaopima hali ya hewa hakiwezi kuchukua nafasi ya vikinga radi juu ya paa, ambavyo ni wajibu wa serikali na wenye shule. Lakini kinaweza kuifundisha shule nzima kuhesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Zikipungua 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na kila mtu anapaswa kuwa ndani ya jengo imara lenye kinga, mbali na miti, uwanja wa mpira na vibanda vya nyasi, na asitoke hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Somo hilo halina gharama, na anayelifundisha vizuri ni mtu anayezipenda ngurumo na kuziheshimu.

Linabaki swali gumu kuliko yote, nalo ni haki ya anayejitolea. Ulaya na Marekani wapimaji wengi hufanya kazi hii kama burudani ya mtu mwenye bustani, mshahara na muda. Kwetu, kumwomba mkulima anunue chombo, alipie kifurushi cha simu na awe nyumbani saa tatu kila asubuhi ni kumwomba mengi, na tusijifiche nyuma ya neno uzalendo. Mpimaji anastahili chombo cha bure, namba ya kutuma ujumbe isiyomkata salio, na zaidi ya hayo anastahili kurudishiwa kitu. Takwimu zake zikiondoka na kupotelea ofisini bila jibu, ataacha ndani ya msimu mmoja, na atakuwa na haki. Zikirudi kama utabiri wa eneo lake, kwa lugha anayoizungumza na kwa wakati unaomfaa, ataendelea kwa miaka. Kwamba taarifa za namna hiyo zinaokoa watu si ndoto. Mradi wa HIGHWAY, ulioratibiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kuanzia mwaka 2017, uliboresha utabiri wa ziwa na kuufikisha mialoni kupitia redio na lugha za wenyeji, na tathmini yake ilikadiria kwamba vifo vya ziwani vinavyotokana na hali ya hewa vilipungua kwa takriban asilimia 30. Kinachokosekana ni kulifanya daraja hilo lipitike pande zote mbili, habari zitoke ofisini kwenda mwaloni na zitoke kijijini kwenda ofisini.

Mahali pa kuanzia papo tayari. Katika mialo kuna vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vijulikanavyo kama BMU, vyenye viongozi na orodha za vyombo. Katika vijiji kuna maafisa ugani, na katika kata kuna shule za sekondari zinazofundisha jiografia kwa kuchora kipima mvua ubaoni bila kuwa nacho uani. TMA, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na mamlaka ya Uganda zinaweza kukubaliana aina moja ya chombo, fomu moja ya kusajili na saa moja ya kusoma, kisha kuanza na mialo na shule za miinuko ambako ngurumo za mchana huanzia. Mabunge yanaweza kutenga fungu dogo la vyombo na ujumbe wa simu, na kutamka wazi katika kanuni kwamba raia aliyesajiliwa anaruhusiwa kupima, kutunza na kuonyesha vipimo vyake. Kila ofisi inaweza kuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupokea, kuhakiki na kujibu. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mkopo wa kimataifa. Yanahitaji uamuzi wa kuwatambua watu ambao tayari wanaifanya kazi hii kwa mapenzi, na uamuzi huo unaweza kufanywa kabla ya masika yajayo.